Namba za Bhanu

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule na kuianika, Munyiva alipanga meza kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yao kule Muthangari, akawangoja wenzake. Nyakio, aliyeishi nyumba ya pili, alifika kwanza. Bhanu alikuja polepole, magongo yake yakigonga changarawe. Polio ilikuwa imemdhoofisha mguu wa kushoto akiwa mdogo. Shuleni, wenzake wa darasa la saba walipocheza mpira, kazi yake ilikuwa kulinda masweta yao.

Pale barazani alikuwa mchezaji kamili. Mwaka huo wa 1988, mjomba wake Munyiva alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na mchezo wa kusimulia, wenye dadu ya pande ishirini. Munyiva alikuwa msimulizi. Nyakio na Bhanu walijibunia wahusika, kila mmoja akasema mhusika wake anataka kufanya nini. Jambo likiwa gumu, Munyiva alichagua namba, akaiandika kwa siri, na mchezaji akarusha dadu. Akiifikia namba ile au kuipita, amefaulu. Habari za mapanga na vita hawakuzipenda. Walipenda kupanda majabali, kufuata nyayo za ng'ombe waliopotea na kuwabembeleza walinzi wakali wafungue malango.

Mhusika wa Bhanu aliitwa Jaswant Mpanda Miamba. Kwa miezi mitano hakuna jabali lililomshinda. Bhanu aliuandika kila ushindi wake kwenye karatasi ya Jaswant kwa mwandiko safi, kisha akamsomea mama yake nyumbani.

Siku moja Munyiva aliingia jikoni kuchukua chai. Aliporudi na sinia, alimkuta Bhanu ameshika daftari la msimulizi. Lilikuwa limeanguka, naye akaliokota.

"Kupanda jabali," Bhanu alisoma. "Nyakio, kumi na nne. Bhanu, nne." Akafunua ukurasa mwingine. "Kumshawishi mlinzi. Nyakio, kumi na mbili. Bhanu, tatu."

Munyiva aliweka sinia mezani.

"Jabali ni lile lile, Munyiva. Tulilipanda siku moja."

"Nilitaka ufurahi," Munyiva alisema. "Shuleni wanakuacha nje kila siku. Nikaona angalau hapa..."

"Kwa hivyo sijawahi kushinda." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayejisemea mwenyewe. "Hata mara moja."

Nyakio aliinamisha kichwa. Bhanu aliichukua karatasi ya Jaswant, akairarua vipande viwili, akaviacha juu ya meza.

"Shuleni wananiambia wazi kwamba sitaweza," alisema akitafuta magongo yake. "Wewe ulinificha."

Jumamosi tatu zilipita bila Bhanu. Shuleni alimwitikia Munyiva salamu kama anavyoitikiwa mgeni, kisha akatazama kando. Munyiva alikonda. Usingizi ulimpaa. Jumamosi ya nne alikwenda kwa kina Bhanu.

Mama yake Bhanu, Anti Daksha, alikuwa uani akichagua choroko kwenye ungo.

"Anti, nimekuja kuomba msamaha. Tafadhali mwambie..."

"Mimi siwezi kukuombea, mwanangu. Yuko ndani. Mwombe mwenyewe."

Bhanu alitoka, akasimama mlangoni. Munyiva aliomba msamaha huku machozi yakimtiririka. Hakujitetea hata kidogo.

"Tukicheza tena," alimalizia, "namba nitaitaja kwa sauti kabla dadu haijarushwa. Itategemea ugumu wa jambo lenyewe na mbinu ya mchezaji. Haitategemea ni nani anayerusha."

"Jaswant simtaki tena," Bhanu alisema. "Naanza na mtu mpya, asiye na lolote."

Moyo wa Munyiva ulimuuma. Miezi mitano ilikuwa imefutika. Hata hivyo alitoa dadu mfukoni, akaketi naye sakafuni pale mlangoni.

"Mto umefurika. Kuuvuka kwa kuogelea ni kumi na tatu."

Bhanu alirusha. Tisa. Munyiva alitamani kusema kwamba ni sawa, kwamba arudie. Akajizuia. "Mto umekurudisha ukingoni. Mzigo wako umesombwa na maji."

Macho ya Bhanu yalilengalenga. Aliitazama ile dadu. "Kuna mti ukingoni? Nauangusha uwe daraja."

"Upo. Kwa mbinu hiyo, ni kumi."

Dadu ilibingirika, ikasimama. Kumi na moja. Bhanu hakupiga kelele. Alichukua penseli na karatasi mpya, akaandika mstari mmoja, akautazama sana.

Anti Daksha alikuwa ameweka ungo chini. "Munyiva," alisema taratibu, "Bhanu alipokuwa akijifunza kutembea na magongo, niliweka kiti mbele yake, umbali ambao niliona anaweza kuufikia akijikaza. Alianguka, akalia. Mkono wangu ulitaka kukisogeza kile kiti karibu. Nililia nimegeuza uso asinione, lakini sikukisogeza. Huruma ni kitu chema, mwanangu, lakini huruma inayodanganya humwibia mtu jasho lake. Mpe rafiki yako kazi ya kweli, kisha kaa naye hata akianguka. Siku ile alipokishika kile kiti, alijua amefika kwa nguvu zake mwenyewe."