Udi Kabla ya Halua

"Rahila, usigeuke."

Sauti ya Amur, mwenzake wa kazi ya siri, ilikwaruza ndani ya kipokezi alichokificha sikioni, chini ya mtandio.

"Bomu limo kwenye projekta. Picha ya saa ikishuka tu, linaripuka."

Ukutani lilisimama daraja la Praha, sanamu zimejipanga huku na huku. Sebule ya mama yake hapo Maskati ilifurika jamaa waliorudi kutoka Unguja, na vijana waliopewa kazi katika serikali mpya ya mwaka huo, 1970. Wote walikuja kutembezwa Ulaya kwa picha.

Mwonyeshaji, Ghanim, alisimama mlangoni. Alijidai amesomea huko. Kitufe cha projekta kilikuwa mkononi mwake, waya mrefu ukimfuata. Kando yake, ukuta mnene wa mawe.

Yeye angepona.

"Zima jenereta," Rahila alinong'ona.

"Bomu lina betri yake. Na ukipiga kelele, atabonyeza."

Klik. Kasri juu ya kilima.

"Lo! Jumba lote hilo anafagia nani?" aliuliza Bi Nasriya, shangazi yake. Watu wakacheka.

"Hapo unapanda kwa miguu, bibi," alisema Ghanim. "Ukishuka, unakuta saa ya ajabu mnarani. Sanamu hutokea dirishani kuwaamkia watu. Ndiyo inayofuata."

Akarudi nyuma hatua moja.

Rahila aliinuka. Jikoni makaa yalikuwa tayari. Akatia udi chetezoni, akaingia nacho sebuleni, moshi ukimtangulia.

Gumzo likakatika.

Udi ukishaletwa, hakuna kukaa. Mgeni hujifukiza, huaga, huenda zake. Na halua ilikuwa haijafunuliwa.

"Una wazimu weye?" Bi Mahfoudha, mama yake, alishtuka.

"Haya, jamani, tumeshafukuzwa," alisema Bi Nasriya, akitafuta viatu.

Wageni walisimama, nyuso chini, wakaanza kutoka, wakimsukuma Ghanim mbali na ukuta wake.

Rahila alimwendea Ghanim. "Mgeni wa heshima, karibu udi."

Macho yote yalimgeukia. Kitufe kilikuwa mkono wa kulia, na chetezo hakipokewi kwa kushoto. Bila kufikiri, Ghanim alihamisha kitufe.

Alilelewa vizuri. Hilo ndilo lililomponza.

Rahila alimtia chetezo mkononi, akakipokonya kitufe, akamgusa ubavuni kwa bastola, Beretta iliyojificha ndani ya buibui.

"Tembea. Tabasamu."

Nje, Amur alimpakia Ghanim kwenye Land Rover. Kisha akapita mlango wa nyuma, akaibeba projekta kama mtoto mchanga.

"Mama yako asijue," alisema. "Amri."

Bi Mahfoudha alikuwa peke yake mbele ya sinia la halua.

"Tumekuja juzi tu. Hatuna wenzetu ila hao. Nna uso gani tena wa kuwatazama?"

 

"Nisamehe, mama."

"Toka."

Rahila akatoka. Uani akavaa miwani nyeusi, akaiweka sawa, Amur asije akamwona macho.

"Twende," alisema. "Nani aliyemtuma Ghanim?"