Dokta Hakutaka Kujua Mgonjwa Ni Nani

"Chukua mkoba wako utoke, Corliss! Umefukuzwa!"

Nikadhani utani... Jamani, haukuwa utani!

Dokta Prescott Hensley, mwenye kliniki, ananifokea pale mapokezi hadi mate yananirukia. Miaka yote hiyo nampokelea simu, huku milimani Kentaki, Marekani!

Kosa langu? Nimempa mgonjwa nafasi ya kumwona daktari.

Ndiyo. Kwenye kliniki. Cheka tu.

Iko hivi. Dokta alikuwa anasaka ithibati, ile wanayopewa kliniki ambazo mgonjwa akifika anajiona yuko nyumbani: kila mtu ana daktari wake anayemjua, na ukiugua leo unaonwa leo. Alishapigilia na msumari ukutani wa kutundikia cheti! Mtu mwenyewe hajui jina la mgonjwa hata mmoja.

Siku hiyo mkaguzi angeongea naye kwa video. Sasa sikia akili ya msomi: ili tuonekane tuna nafasi za siku hiyo hiyo, nisimpe mtu yeyote nafasi!

"Dokta, na waliougua leo?"

"Wakaugue kesho!"

Asubuhi simu ikalia. Bibi kizee, anahema kwa shida. Nikamwambia njoo. Ningefanyaje?

Bibi keshafika, kaketi chumba cha kusubiria, Dokta alipoiona ile nafasi imejazwa; ndipo akanilipukia.

"Dokta, huyo mgonjwa ni..."

"Sitaki kujua ni nani! Nje!"

Akaweka tai sawa, akaingia ofisini kwake. Mlango kauacha wazi. Nikawa nakusanya vitu vyangu taratibu, masikio yote huko.

"Kwetu sisi mgonjwa ni familia," anamwambia mkaguzi, sauti asali tupu. Mnafiki mkubwa!

"Vizuri, daktari. Naona nafasi nyingi ziko wazi leo. Niitie mgonjwa yeyote aliyepo hapo, nimsikie."

Yeyote yupi?

Kliniki nzima ina mgonjwa mmoja! Dokta akatoka mbio mpaka chumba cha kusubiria. Akaganda mlangoni.

"Mama?!"

Bi Arlene, mama yake mzazi, kajikunyata kwenye kiti, mkono kifuani.

"Ndiyo, Prescott. Yule usiyetaka kujua ni nani."

Akainuka mwenyewe, akajikongoja hadi mbele ya kompyuta.

"Mwanangu," akamwambia mkaguzi, "anayewajua wagonjwa hapa ni dada wa mapokezi. Kafukuzwa sasa hivi, kwa sababu kanipa nafasi mimi."

Cheti hakikuja. Ule msumari bado uko ukutani, mtupu.

Bi Arlene alikataa kutibiwa na mwanawe; nilimpeleka kwa gari langu kwenye kliniki ya ng'ambo ya mto. Wakamtibu pale pale, akapona. Mimi wakaniajiri mapokezi.

Wapenzi wasomaji, kujali watu hakuigizwi. Ukiigiza, ipo siku atakayefungiwa mlango ni mama yako.

Juzi simu ya mapokezi ikalia. Sauti naijua vizuri sana, inaulizia hali ya Bi Arlene.

Nikajibu kwa heshima zote:

"Samahani, naongea na nani?"