Nia ya Shija

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kuvuna ulezi, waumini wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna walisali nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Kijiji chao hakikuwa mbali na Sumbawanga mjini, na baridi ya asubuhi iliwafanya hata wazee wavae makoti mawili mawili. Aliyeongoza sala alikuwa Zita, wa darasa la sita. Kusoma alijua, hilo hakuna aliyelibisha. Kusikiliza ndiko kulikomshinda, maana sifa zilikuwa zimemvimbisha kichwa.

Jumamosi moja, ulipofika wakati wa maombi, watu walitaja nia zao haraka haraka. Kisha akasimama Shija, aliyesoma darasa moja na Zita. Familia yake ya Wasukuma ilikuwa imehamia hapo mwaka uliopita, na baba yake alikuwa na ng'ombe huko bondeni Rukwa. Shija alikuwa na kigugumizi.

"Tu-tumwombee ma-ma..." Alikwama. Akameza mate, akajaribu tena. "Ma-ma..."

Mtoto mmoja akacheka. Zita aliona sala yake nzuri inaharibika.

"Shija, nia nyingine tuziweke moyoni, Mungu anazijua," alisema, akafunua ukurasa. "Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, hata wakubwa.

Shija akaketi. Wiki nzima hakuonekana shuleni, na Zita hakujisumbua kuuliza.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kina Shija. Walipofunguliwa mlango, harufu mbaya iliwapokea. Mama Shija alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu wake umevimba na kuwa mweusi. Alikuwa amejikata kwa jembe shambani.

"Mama Shija, mbona hukutuma mtu?" aliuliza Mzee Fabiani, mwenyekiti wa jumuiya.

"Nilimtuma Shija kwenu," alijibu kwa sauti ndogo. "Akarudi akasema mmemwambia aweke moyoni."

Zita alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walimkimbiza hospitali mjini kwa bajaji. Madaktari walifanya waliloweza, lakini kidonda kilikuwa kimeoza. Mguu ukakatwa chini ya goti. Huko shambani ulezi wake ulikuwa unapukutika bila mvunaji.

Zita alikwenda hospitali na mama yake. Alipiga magoti kando ya kitanda, akilia.

"Shikamoo, mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Mama Shija alimshika mkono. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mguu hauoti tena."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Zita zaidi.

Jumuiya ilipokutana tena, Zita alimwambia Mzee Fabiani kwamba anaacha kuongoza.

"Utaongoza," alisema mzee. "Ila leo utajifunza kungoja."

Wakati wa maombi Shija alisimama, akitazama chini. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Tu-tumwombee mama, a-apate ma..." Akakwama. Zita alifunga kitabu, akangoja. Shija akafumba macho. "Ma-magongo."

"Leo hii naanza kuyachonga," alisema Mathias, fundi seremala, kabla sala haijaendelea.

Mzee Fabiani alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mnaona? Nia hii tumeweza kuijibu sisi wenyewe. Na ile ya kwanza tungeiweza pia. Kila wiki tunamwomba Mungu atusikie, halafu mtoto aliyesimama mbele yetu hatumsikii. Si kosa la Zita peke yake, wote tuliitikia. Mkristo mnyenyekevu hunyamaza mpaka mwenzake amalize, hata akichelewa, hata akikwama. Sisi tumelijua hilo baada ya mama wa watu kupoteza mguu."

Zita alifuta machozi, akamgeukia Shija.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Ba-bado," alisema Shija.

Watu wote wakakaa kimya, wakangoja.