Cha Nyumbani au cha Jukwaani?

Mimi nauza nyuzi za gitaa ghorofa ya pili ya soko la vyombo vya muziki la Nakwon, huu mwaka wa ishirini na sita, na ninaona mengi. Lakini sijawahi kuona mapenzi yakianza kwa kichwa kupigwa na gitaa.

Ilikuwa Jumamosi ya Machi, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Msichana mwenye koti refu la rangi ya haradali aligeuka ghafla, na gitaa lililokuwa mgongoni mwake likamgonga kichwani Gyu-won, kijana wa duka jirani, aliyekuwa amechuchumaa akipanga nyaya mbele ya duka lao.

"Uwii! Samahani, bosi!"

"Bosi ni baba yangu. Mimi nilikuwa kichwa tu, na sasa umekivunja."

Msichana alicheka mpaka akashika ukuta. Jina lake Sol-ha. Mama yake namfahamu vizuri, anauza keki za mchele chini kabisa, karibu na lango.

"Nataka kile kimashine cha kuiga amplifaya," alisema. "Kile chenye sauti zote ndani yake."

"Cha nyumbani au cha jukwaani?"

"Tofauti yake?"

"Cha nyumbani kinakaa mezani, unavaa hedifoni, jirani analala. Cha jukwaani ni cha chuma, unakikanyaga, unabadili sauti katikati ya wimbo. Kwa dada kama wewe, hiki kidogo kinatosha."

"Dada kama mimi ndiye yupi?"

Nikajisemea, leo amepatikana! Sol-ha hakugombana. Alivuta kigoda, akachomeka gitaa, akapiga. Wateja wangu watatu waliniacha na nyuzi mkononi wakaenda kusimama mlangoni kwa Gyu-won. Alipomaliza, kijana alirudisha kile kidogo kabatini, akatoa cha chuma, akamkabidhi kwa mikono miwili na kichwa chini, kama anavyopewa mkubwa.

"Umezaliwa mwaka gani?" Sol-ha akamuuliza. Gyu-won akautaja. "Nimekuzidi miaka miwili. Basi dada ni dada kweli."

Tangu siku hiyo simu haikupoa. "Dada, umekula?" "Nimekula. Wewe je, kichwa kimepona?" "Kinauma nikikaa siku mbili bila kukuona." Saa ya chakula Gyu-won alikuwa akishuka kununua keki za mchele, na mimi najua hapendi vitu vitamu. Mapenzi bwana!

Sasa mjue jambo moja. Mama Sol-ha hakuwahi kumsikia binti yake akipiga. Wanaishi kwenye fleti, na siku moja tu Sol-ha alipojaribu amplifaya, jirani wa chini alibandika barua kwenye lifti ili jengo zima liisome. Toka hapo ni hedifoni. Mama alichosikia kwa miaka miwili ni kijiti cha kupigia gitaa kikikwaruza nyuzi kavu, kwaru kwaru, na binti anatikisa kichwa kwenye kimya.

"Juni wewe na bendi yako mnapiga ukumbini kule Hongdae? Nitakuja," mama alimwambia. "Nikisikia kitu, sitakusumbua tena. Nisiposikia kitu, Jumatatu unavaa aproni, tunauza keki wote."

Sol-ha alikubali. Alijifungia na kimashine chake miezi mitatu, akiipika sauti usiku na mchana kwenye hedifoni.

Siku tatu kabla ya onyesho alimpa Gyu-won hizo hedifoni asikilize. Kijana akasikiliza, akakunja uso.

"Dada, ni tamu, lakini ni ya chumbani. Mwangwi mwingi, besi nyingi. Ukumbini itazama."

"Itazama?" Sol-ha alisimama. "Tangu siku ya kwanza uliniona wa nyumbani, na mpaka leo unaniona hivyohivyo!"

"Mimi nakueleza kazi."

"Basi kauze kazi yako!"

"Haya, piga unavyotaka!"

Wote wawili wana kiburi, na kwa kiburi hicho walikaa siku tatu bila kupigiana simu. Gyu-won alikuwa anafuta gitaa lilelile asubuhi mpaka jioni. Nilitamani kumpiga kofi.

Jumamosi saa tisa alasiri, wakati wa kujaribu sauti, Sol-ha alichomeka kimashine kwenye amplifaya ya ukumbi. Ngoma zikaanza, na gitaa likapotea. Alipandisha sauti, ikazidi kuwa nzito, kama mtu anayeongea ndani ya godoro. Mama anakuja saa kumi na mbili. Sol-ha akameza kiburi, akapiga simu.

"Gyu-won."

"Umekula, dada?"

"Achana na kula! Sauti yangu imekufa!"

"Umechomeka kwenye amplifaya ya pale? Ile spika ya kuigiza umeizima?"

Sol-ha akainama kukitazama kimashine.

Kosa hili sisi wa fleti tunalijua, ila hatulisemi. Kimashine huiga amplifaya pamoja na spika yake. Kwenye hedifoni ni lazima iwe hivyo. Ukikichomeka kwenye amplifaya yenye spika ya kweli, sauti inavaa makoti mawili. Aliyelelewa na hedifoni husahau kulivua moja.

"Sijaizima," Sol-ha akasema taratibu.

"Izime. Mwangwi kata nusu, besi mwachie mpiga besi. Sauti ya katikati iongeze mpaka uone aibu."

"Njoo unitengenezee."

"Nakuja, lakini sigusi kitu. Masikio yako yananishinda. Na siku ile dukani nilikosea, nilijua kabla hujafika nusu ya wimbo. Nilipaswa kukwambia."

"Ungesema mapema, mjinga wewe," akasema Sol-ha, na sauti yake ilikuwa na machozi.

Saa kumi na mbili mimi na Mama Sol-ha tulikuwa mstari wa mbele, yeye na gauni lake la zambarau, mfuko wa keki magotini. Sol-ha akakanyaga swichi. Lo! Noti ya kwanza ilipasua ngoma, ikapasua besi, ikaja kunigonga kifuani. Nywele zilinisimama. Mama Sol-ha alinishika mkono, kucha zikaingia.

"Yule ni wangu," aliniambia. Kisha akamgeukia kijana wa kushoto ambaye hakumuuliza kitu. "Yule ni wangu, unasikia? Nimemzaa mimi!" Akaanza kugawa keki mstari mzima huku akilia.

Tulipotoka pamoja na Sol-ha, jua la Juni, ambalo kwetu huchelewa kuzama, lilikuwa bado juu. Gyu-won alisimama kwenye ngazi na shati jeupe lililopigwa pasi. Bila aproni ya duka, hata mimi sikumtambua mara moja.

"Sol-ha," aliita.

Tuligeuka wote. Kwetu kijana akimwita msichana aliyemzidi umri jina tupu mbele ya mama yake, baada ya kumwita dada miezi mitatu, hajateleza ulimi, anatangaza nia.

"Dada ameenda wapi?" Sol-ha akauliza.

"Nimepata chumba mtaa wa Mangwon, chini ya ardhi. Juu kuna duka la kufulia. Kuta nimezijaza sponji kwa mikono yangu zisipitishe sauti, na ndani kuna amplifaya kubwa ya kweli. Utapiga bila hedifoni. Ila sitaki uje upige halafu uondoke."

"Unanioa au unanipangisha?"

"Nakuoa. Ukinikubali."

Sol-ha akashusha gitaa mgongoni. "Niulize lile swali lako la siku ya kwanza. Safari hii uliza kuhusu mimi."

Gyu-won akashuka ngazi moja. "Wa nyumbani au wa jukwaani?"

"Wa kote kuwili. Na usinichagulie tena."

"Sitathubutu."

Mama Sol-ha aliingiza mkono mfukoni, akatoa keki ya mwisho, akampa Gyu-won kwa mikono miwili.

"Kula, mkwe. Jumatatu aproni nitaivaa mwenyewe."