Kibao Namba Saba

Kima watatu walishuka salama kisiwani. Waliokwama ni binadamu waliowaleta kuwaachia huru.

Upepo uliingia ghafla wakati Mtunza Miche na Mwalimu wakikunja vizimba. Ulikata kamba ya mashua na kuondoka na kila kitu kilichokuwa ndani: dumu la maji, chakula, mkoba wenye simu. Tawi lilivunjika juu ya Mtunza Miche na utomvu wake ukamrukia machoni. Aliyaosha kwa maji ya chumvi, maana mengine hayakuwapo, na kabla jua halijatua macho yote mawili yalikuwa yamevimba na kufumba kabisa.

Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea katika hifadhi ya wanyama, mtu wa miaka arobaini, mdomo mkali, asiyependa wageni waguse majani. Mwalimu alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, akaja kujitolea kwa sababu nyumbani, alivyosema mwenyewe, kuta zilikuwa zimeanza kumsalimia. Asubuhi alilisha kima. Mchana alitunza safu ya mimea ya kutambaa, kila mmoja na kibao chake cha namba. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amesahihisha makosa ya watu wengine, na kazi hiyo humzoesha mtu vibaya.

Kisiwa hakikuwa na kijito wala kisima. Hifadhini wangewatafuta, ila bahari ilikuwa imechafuka na boti ya pili ilikuwa imefunguliwa injini. Siku ya kwanza walilamba umande kwenye majani. Siku ya pili Mtunza Miche alishikwa na homa, akaanza kuzungumza na mkewe kana kwamba ameketi pale. Midomo yake ilipasuka. Mwalimu aliona wazi kwamba bila maji huyu hafiki kesho jioni, akaogopa.

Alichukua panga waliloshuka nalo akaingia msituni. Alirudi amekwaruzwa mikono yote, amebeba kipande cha shina nene lililokuwa likidondosha maji ndani ya bakuli la kulishia kima.

Mtunza Miche alisikia matone, akajiinua kwa kiwiko. Aliuliza kama ni ule mmea wa kibao namba saba, ambao maji yake hunywewa. Mwalimu akasema ndiyo, ni sawa na ule wa kibao hicho bustanini. Namba nane hufanana nao sana, na maji yake huua. Mgonjwa alinyoosha mkono kupokea bakuli, lakini bakuli halikuja.

“Mwanangu, ngoja kwanza,” alisema Mwalimu. “Mwezi uliopita niliving'oa vile vibao nikaviosha. Saba na nane, vyote kwa pamoja. Wakati wa kuvirudisha nikawa sikumbuki kipi ni cha wapi. Nikakisia.”

“Kwa nini hukuniuliza?”

“Niliona aibu.”

Mtunza Miche alimtukana kwa sauti ndogo, tusi moja tu, maana hakuwa na mate ya kutosha mawili. Kisha akaomba jani. Alilipapasa, akalifikicha, akalinusa mara tatu. Alisema mimea hiyo miwili hutofautiana kwa rangi ya jani tu, tena kidogo mno kuelezeka kwa maneno, na yeye haoni.

“Nakunywa mimi,” Mwalimu akasema.

“Ukianguka, mimi kipofu nitafanya nini?”

“Nisipokunywa utakufa hapa hapa ukinisubiri.”

Alipiga mafunda mawili. Maji yalikuwa na ladha ya mti mbichi. Akaegemea shina na kusikiliza tumbo lake, akiwaza jinsi mtu mzima anavyoweza kufa kwa sababu ya kushindwa kuuliza swali moja. Kivuli kilihama kutoka magotini mwake hadi kwenye mchanga. Hakuna kilichomuuma zaidi ya njaa. Ndipo akakiinua kichwa cha Mtunza Miche na kumnywesha kidogo kidogo, kisha akarudi msituni kukata kingine.

Boti iliwafikia siku ya tatu mchana.

Wiki moja baadaye wanaojitolea wote walikusanyika katika chumba cha kulia. Meneja alisimama na kusoma ripoti: Mwalimu aliutambua mmea kwa ujuzi alioupata bustanini, akaokoa maisha ya mwenzake. Watu wakapiga makofi. Maji yalikuwa salama, kwa hiyo vibao vilikuwa mahali pake. Mtunza Miche hakuwa amemwambia mtu, na pengine asingesema kamwe.

Mwalimu alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza.

“Hapo pafute. Mimi sikuutambua. Nilivichanganya vibao, nikaficha, na huyu angeweza kufa kwa sababu hiyo.”

Makofi yalikatika. Meneja alibaki na kalamu hewani, akimtazama Mtunza Miche aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, jicho moja bado limefungwa bendeji.

“Pafute,” Mtunza Miche akasema. “Halafu andika kwamba alikunywa kwanza yeye.”