Kina cha Kabati

Shelfu ya kwanza ya kioo ilipungua sentimita moja.

Elinaza alipima tena. Kioo kilikuwa na kina cha thelathini na nane, kama alivyoagiza. Kabati kwa ndani lilikuwa na thelathini na tisa. Jana yake lilikuwa na thelathini na nane.

"Mpima viwanja mzima unashindwa kupima kabati?" Najim, fundi vioo wa mtaani kwao Sakina, alicheka. "Futi yako imelewa, mzee, au wewe?"

"Kata kingine."

"Nitakata. Lakini mimi kioo nakata, sirefushi."

Mke wa Elinaza, Eunike, alilisubiri kabati hilo miaka kumi na minne. Vikombe kumi na viwili vya harusi yao vilikaa kwenye boksi chini ya kitanda, vimeviringishwa magazeti. "Ukimaliza kazi za watu utanikumbuka," alikuwa akisema. Alifariki kabla hajakumbukwa, akazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo la akina Elinaza, mlimani Meru. Baada ya maziko Elinaza aliangusha mti wa mringaringa uliokuwa pembeni mwa migomba, apate mbao. Shina lilizungukwa na masale, mmea ambao Wameru huupanda mpakani na kuutoa wanapoombana msamaha. Yalizuia msumeno. Aliyang'oa akayatupa kwenye mboji.

Mbao zilikauka miezi minane barazani. Alizipiga randa mwenyewe, akaunga mwenyewe, sebuleni, pale Eunike alipokuwa ameonyesha kwa kidole.

Kioo cha pili kilipungua sentimita mbili. Elinaza aliacha kumwita Najim. Alianza kuandika vipimo ukutani kwa penseli, kila siku saa tisa alasiri, jua lilipofika kwenye vioo vya milango. Kwa nje: arobaini. Kwa ndani: arobaini na tatu. Kwa nje: arobaini. Kwa ndani: arobaini na nane. Harufu ya vanishi ilikuwa imekwisha, na vikombe vya harusi alikuwa ameshavipanga ndani. Alipofungua mlango ilimjia harufu ya udongo uliochimbwa asubuhi ile.

Binti yake Hope, mwenye miaka saba, alirudi shule akamkuta amepiga magoti mbele ya kabati.

"Baba, Mama anasema vikombe umepanga vibaya. Vishikio vyake viangalie ukutani."

Eunike peke yake ndiye aliyekuwa akipanga hivyo, hata vikombe vya jikoni.

"Nani kakwambia?"

"Mama. Yuko huko nyuma. Ila kuna giza, sijamwona vizuri."

Alipaswa kumkataza. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, "Amesema nini kingine?"

"Anasema niingize mkono anishike."

"Umeingiza?"

Mtoto alitazama viatu vyake. "Kidogo."

Siku mbili zilizofuata Elinaza hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti mbele ya vioo akisubiri kuitwa, na hakuitwa. Siku ya tatu alitoka kununua mkate dukani jirani, dakika saba kwa saa yake, na aliporudi alisikia vikombe vikigongana taratibu kama mtu anayeviosha, akaona begi la shule sakafuni na soli nyeupe za viatu viwili, kwa sababu Hope alikuwa amelala kifudifudi kwenye shelfu ya chini, mkono wa kulia umezama ndani hadi begani na kichwa kikifuata, ndani ya kabati lenye kina cha sentimita arobaini tu, na mtoto alikuwa akicheka, na kutoka huko gizani ambako hapakupaswa kuwa na mahali, sauti ambayo Elinaza alikuwa ameililia miezi yote hiyo ilisema kwa upole, "Niachie huyu, Baba Hope. Wewe endelea na kazi za watu."

Alimshika mtoto kiuno akavuta. Mkono ulikuja wa mwisho, taratibu, kama unaoagwa.

Shangazi wa Elinaza, Kaanaeli, aliyepigiwa simu usiku ule, alishuka kutoka mlimani asubuhi iliyofuata, na jani la isale ndani ya mkoba, kando ya kitabu cha nyimbo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeng'oa masale ya bibi yako?"

"Yalizuia msumeno."

"Umesomea mipaka chuo kikuu, huo ukakushinda!" Kisha akanong'ona, macho kwenye vioo. "Bibi yako alipatana na kilichokuwa kwenye mti ule. Chenyewe kisitoke, sisi tusiingie. Sasa umekileta sebuleni, ukakipa na milango."

"Tufanyeje?"

"Kila kilichoingia ndani ya kabati hili kirudi kwenye kisiki. Usibakize hata msumari."

Aliufunga mlango kwa jani la isale, na vikombe vikatulia. Jioni ile walipakia pikapu. Elinaza aliorodhesha: mbao, vioo vitano, bawaba nne, misumari, vikombe kumi na viwili, kitambaa alichofutia gundi. Walivizika vyote kwenye kisiki, wakapanda masale upya. Shangazi aliomba msamaha kwa Kimeru, kisha akasali Baba Yetu. Sebuleni ile harufu ilikatika.

Wiki mbili baadaye Hope alilalamika kuwa sweta la shule limefupika. Elinaza aliangalia. Limefupika upande mmoja. Alichukua futi ileile. Mkono wa kushoto, bega hadi ncha ya kidole: hamsini. Wa kulia: hamsini na tatu.

Alitoa orodha mfukoni akaisoma tena, mstari kwa mstari. Kila kilichoingia.

Hakumpigia shangazi.

Jumapili waliketi kanisani, Hope kuliani mwa baba yake kwa kuwa ndivyo alivyotaka, mkono wake wa kushoto ukishika kitabu, wa kulia ukipita mbele ya tumbo lake hadi kwenye kiganja cha Elinaza. Ulifika bila shida. Ulikuwa wa baridi. Mahubiri yalipozidi kurefuka, vidole vile vidogo vilimbana mara mbili, kama Eunike alivyokuwa akimbana kwenye benchi hilohilo, kumwambia avumilie, karibu yanakwisha. Hope mwenyewe alikuwa amesinzia.

Elinaza aliendelea kutazama mimbari. Kisha naye akaubana mkono ule, mara mbili.