Dakika Tatu za Verlene Tolliver

Jumanne ya kanivali, Davis Avenue haipitiki. Mwaka huo wa 1946 vita vilikuwa vimekwisha, na sisi watu weusi wa mji wa Mobile tulijazana barabarani kama tuliofunguliwa kamba. Tarumbeta zinalia, karanga za kuchemsha zinauzwa kila pembe. Katika msukumano huo kofia ya msichana mmoja ilianguka, na kabla hajainama, mpiga ngoma akaikanyaga.

"Wee! Huna macho?" msichana akafoka.

"Macho anayo, ngoma imemziba," mwanamume akajibu nyuma yake. "Nipe hiyo kofia, dada. Duka langu lile pale."

"Na wewe ni nani? Daktari wa kofia?"

"Ransom Petway. Sijapoteza mgonjwa hata mmoja."

Msichana alicheka, na Ransom akawa ameshapotea yeye. Huyo ndiye Verlene Tolliver, mwenye gauni la manjano lililombana kiunoni na sauti iliyokuwa ikijaza hema zima la kundi lake la maigizo. Ransom aliifukiza kofia ile kwa mvuke, akaipiga pasi, akairudisha mpya. Wiki ya pili alimshonea nyingine, pana, ya manyoya meusi. Wiki ya nne Davis Avenue nzima ilijua.

Mama yake Ransom peke yake hakupendezwa. "Mwigizaji huyo," alisema. "Kazi yake ni uongo, na analipwa kwa kuujua sana."

Verlene alipoitwa kwenye jukwaa la New York, na baadaye California kwenye filamu, Ransom alitaka wafunge ndoa kwanza.

"Ningoje kidogo, laazizi," Verlene akasema. "Nipate sehemu moja ya kuigiza yenye maana, mama yako anione ni mtu. Kisha narudi, tunaoana kanisani kwake."

Ransom alingoja miaka miwili. Jumapili moja simu ya duka la dawa la jirani ikaita, akaitwa mbio.

"Ransom! Nimepata!"

"Pole pole, mpenzi, utapasua waya. Umepata nini?"

"Naimba! Dakika tatu nzima, peke yangu. Sibebi sinia, siko jikoni. Gauni jeupe la kuburuza, na kofia yako ya manyoya kichwani. Nikiugusa ukingo wake mara mbili, ujue nakusalimu wewe. Mpeleke mama yako akanione."

"Nitapeleka kanisa zima!"

Na kweli alilipeleka. Filamu ilipofika mjini, watu thelathini walipanda ngazi za uchochoroni hadi roshani ya juu, tulikowekwa sisi weusi, mchungaji mbele, mama akiwa na glavu zake za Pasaka. Ransom alivaa suti ya bluu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Filamu ikaanza, ikaenda, ikaisha. Taa zikawashwa.

"Haya," mama akasema. "Yuko wapi?"

Wanakwaya wakaangua kicheko. Mchungaji akatazama viatu vyake.

Wangecheka nini, kama wangejua! Kusini kwetu filamu ilipitia kwanza kwa watu wenye mkasi. Mweusi anayefagia walimwacha. Mweusi aliyevaa vizuri, anayeimba akiheshimiwa kama bibi mwenye nyumba, walimkata, wakaunga vipande vya filamu, nayo ikaendelea kana kwamba hakuzaliwa. Ransom hakujua. Hata Verlene hakuwa amejua bado.

Ransom alimpigia simu jioni ileile.

"Unafua nguo za nani huko, Verlene? Sema tu, si aibu."

"Unasema nini wewe?"

"Wewe humo katika filamu! Hata kivuli chako hakimo!"

"Nimo, Ransom! Naapa kwa kaburi la baba!"

"Watu thelathini, Verlene. Mama yangu amenishika mkono kutoka mle kama mtoto."

"Basi njoo huku ujionee. Njoo kesho!"

"Mama alisema kazi yako ni uongo. Sikumsikia."

Akakata. Verlene aliandika barua, zikarudi hazijafunguliwa. Mwaka uliofuata Ransom alimwoa Eunice wa kwaya, mwanamke mwema asiyemkosea kitu, wakapata watoto wawili. Tangu siku ile hakukanyaga tena sinema, na mtu akilitaja jina la Verlene dukani, Ransom aliongeza mvuke hadi yule mtu akakohoa.

Miaka tisa ikapita hivyo. Mwaka 1957 alikwenda Chicago kumzika shangazi. Baada ya mazishi binamu yake Cleotha akamwambia, "Mchana huu wanarudia ile filamu ya zamani ya Verlene wako. Twende tukamwone."

"Hayumo mle."

"Hayumo? Mimi nimemwona kwa macho yangu, mara nne!"

Walikaa ukumbi wa chini, si roshani, katikati, palipowapendeza. Nusu saa baadaye mlango ukafunguka kwenye pazia la filamu na Verlene akatoka, gauni jeupe likimfuata. Aliimba dakika tatu. Mwishoni akanyanyua mkono, akaugusa ukingo wa kofia mara mbili. Ransom alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini, hadi watu wakageuka.

Cleotha aliipata namba kwa marafiki. Simu iliita sana.

"Verlene. Ni mimi, Ransom."

"Nani kafa?"

"Shangazi. Verlene, nimekuona. Nimeona vyote. Nisamehe."

"Nilijua baadaye kwamba wanakata," alisema taratibu. Sauti ilikuwa imechoka. "Nikakuandikia. Zikarudi."

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa na mama." Akacheka kidogo, bila furaha. "Basi nikaacha kuimba. Nikawaambia wanipe wapishi, mayaya, wafua nguo. Kitambaa kichwani, 'ndiyo bibi'. Filamu kumi na moja, Ransom. Rafiki zangu wa New York waliacha kunisalimu kwa ajili hiyo. Lakini mpishi hawamkati. Nilisema, hata akinichukia, atapanda zile ngazi siku moja, ataniona nipo. Ataamini."

Ransom aliishika simu kwa mikono miwili.

"Haya niambie," Verlene akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ikawa ile ya kanivali. "Uliipenda ipi?"

Hakuwa ameona hata moja. Alifikiri kusema kweli, akaona kweli ile ni ukatili.

"Zote," akasema.

"Zote?"

"Zote, mpenzi. Kila moja."

Mwanamke yule aliishi kwa kusikia nani anaigiza na nani haigizi.

"Hukuzipanda tena zile ngazi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Verlene..."

"Msalimie mkeo, Ransom."

Simu ikakatika. Akapiga tena mara tatu, ikaita, haikupokelewa. Kesho yake alipanda treni kurudi Mobile, na Eunice alipomuuliza Chicago kukoje, alimwambia kuna baridi.